Tuongee Siasa, Lakini Tusimufukuze Jirani

Maneno tuliyosema mbele ya wanamemba katika mukutano wa Katuba



Kamiti ilituomba tuseme juu ya neno moja tu. Je, muungano uweke sheria ya kukataza siasa katika mikutano? Sababu munaijua. Miezi hii watu wanafika hapa kuleta muchango, mutu mumoja anataja bei ya unga, mwingine anataja Serikali, wa tatu anataja kabila, na mbele mufuko ufungwe, watu wamesimama na kuondoka. Kuna mama aliyeondoka na muchango wake mukononi. Kamiti inaogopa, na iko na haki ya kuogopa. Likelemba ikivunjika, mugonjwa wa kesho atatoa wapi feza ya hospitali? Maiti tutaizika na nini?

Sisi wenye kufanya kazi na ninyi kwenye mitaa tulilifikiria neno hilo, na jibu letu tunalitoa mara moja ili hakuna mutu angojee: musikatazе siasa. Lakini muipatie barabara. Tutaeleza kwa nini.

Kwanza, siasa yenyewe ni nini hapa Katuba? Si kofia na bendera za vyama tu. Mama mwenye kuuzisha unga kwa meka akisema bei imepanda juu ya dola, amesema siasa. Papa aliyefanya kazi miaka 25 na anangojea pensheni yenye haifike, akiuliza feza yake iko wapi, amesema siasa. Mwalimu akihesabu siku zilizobakia mbele ya mushahara, kijana wa moto akihesabu makuta yenye ametoa kwenye barabara tangu asubui, wote wako katika siasa. Ukikataza siasa, umekataza bukari. Na mutu mwenye njaa, ukimunyima kusema juu ya bukari, atabakia na nini ya kusema?

Tena muji huu haujaanza leo. Tangu miaka ya Mobutu watu wanasimama mbele ya magazeti, wanasoma vichwa vya habari bila kununua, na wanajadiliana mupaka jua linachwa. Ndio wale tunawaita wabunge wa kusimama, parlementaires debout. Na wazee wetu walikuwa na Mufwankolo na kundi yake, waliocheza kwa redio na televisheni maisha ya mutu mudogo, kwa Swahili yetu hii, na watu walicheka huku wakielewa ni nani anayesemwa. Kusema hakukuua mutu. Kusema kulisaidia watu kubeba miaka mibaya.

Hatari iko wapi basi? Iko pale masolo inaishia. Sikieni masolo hii. Si ya mutu mumoja; tumeisikia mara mingi, kwenye bomba ya maji, kwenye soko, kwenye nyumba ya matanga:

«Unga imepanda tena.»

«Si dola njo inapanda.»

«Na Serikali iko wapi?»

«Serikali haituone, iko ya bale bantu.»

«Na bale bamanseba banashukaka kwa treni, njo banamaliza unga yetu.»

Hesabuni. Ni maneno matano tu. Neno la kwanza ni kweli, kila mutu aliliona sokoni. La pili liko na ukweli mukubwa. La tatu ni swali la haki la raia. La ine limeanza kuinama. Na la tano limeacha dola, limeacha Serikali, limefika kwa kijana mwenye kuendesha moto, mwenye yeye pia usiku anatafuta unga ileile. Masolo ilianza kupanda juu, kwa wale wenye kushika feza na amri. Kisha ilichoka njiani, ikaenda kando, kwa jirani. Ni rahisi: jirani iko karibu, waziri iko mbali.

Ninyi wenye murirudi munajua barabara hiyo inafika wapi, kuliko mutu yeyote. Lakini kati yetu kuna vijana waliozaliwa nyuma, na kuna wafadhili wenye hawajui. Basi tuieleze kwa hesabu, si kwa machozi.

Wazazi na wakubwa wa wengi wenu hawakuja Katanga kuiba kazi ya mutu. Waliitwa. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906 na ilitafuta mikono. Kampuni ya treni, BCK, ilitafuta mikono. Mwaka 1928 reli kutoka Bukama ilifika mupaka Port-Francqui, leo Ilebo, ikapita katika Kasai, na kwa reli hiyo watu waliendelea kufika kwenye migodi. Walizaa hapa, walizika hapa, watoto wao walisema Swahili mbele ya Tshiluba.

Kisha uchumi ulianza kuanguka. Tuangalie sababu moja moja, juu katika wakati ule hakuna mutu aliyezisema moja moja. Mwaka 1975 bei ya shaba ilikuwa imeanguka katika dunia, na vita ya Angola ikafunga reli ya Benguela. Gécamines, iliyochukua nafasi ya Union Minière, ilikuwa ng'ombe ya Serikali: ilikamuliwa kila siku, lakini nyasi haikuletwa. Mashini zilizeeka. Hata hivyo katika miaka ya 1980 ilikuwa bado inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mugodi wa Kamoto ulibomoka. Mwaka huohuo, nyuma ya mauaji ya wanafunzi katika kampasi ya Lubumbashi mwezi wa 5, Ubelgiji na wengine walifunga misaada. Mwaka 1991 uporaji ulimaliza maduka. Feza ikawa karatasi: mwaka 1993 Serikali ilileta zaire mupya, na moja yake ilikuwa sawa na zaire milioni 3 za zamani.

Hizo ndizo sababu. Shaba, reli, deni, wizi wa juu, mugodi uliobomoka, feza iliyokufa. Ziko ngumu, na hazina uso. Mutu mwenye njaa anataka uso.

Na uso ulipatikana. Siasa ya wakati ule, na chama cha UFERI, na gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza, ilisema kwamba Katanga ni ya Wakatanga, na kwamba watu wa Kasai wameshika nafasi za wenyeji. Wakaitwa bilulu, wadudu. Mwezi wa 8 mwaka 1992, nyuma ya Étienne Tshisekedi kuchaguliwa waziri wa kwanza na Mukutano Mukubwa wa Taifa kule Kinshasa, moto uliwaka Likasi. Mwaka 1993 ilikuwa zamu ya Kolwezi. Watu walitoka katika nyumba zao, wakalala kwenye gare wakingojea treni, juma na juma, wakizika watoto palepale. Reli iliyowaleta wazazi ndiyo iliyowarudisha watoto kwenye inchi yenye wengi hawajaiona hata siku moja. Walikuwa mamia ya maelfu.

Sasa tuulize swali lenye hakuna mutu aliliuliza katika masolo ya 1992. Waliondoka. Je, kazi ilibakia?

Haikubakia. Fundi akiondoka, mashini haimungojei mutu mwingine, inakufa. Mwalimu akiondoka, darasa linafungwa. Gécamines, ile ya tani zaidi ya 400,000, mwaka 1994 haikufika hata tani 50,000. Mishahara ilichelewa miezi, kisha miaka. Na mwaka 2003, pamoja na feza ya Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 walitolewa kwa njia iliyoitwa départs volontaires. Wengi wao walikuwa wenyeji wa Katanga, ndio walewale walioahidiwa kwamba jirani akienda, watakula vizuri. Nafasi waliyoahidiwa ilikufa mikononi mwao.

Hili ndilo tunataka kila mwanamemba aende nalo nyumbani. Kufukuza jirani si zambi tu. Ni hesabu mbaya. Aliyefukuzwa alipoteza nyumba. Aliyebaki alipoteza kazi. Na wenye kula feza hawakupoteza kitu.

Mulipoanza kurudi, kidogo kidogo, wengi hawakurudia Likasi wala Kolwezi. Nyumba zilikuwa na watu wengine. Muliishia hapa Katuba, juu hapa kulikuwa na ndugu, shangazi, mutu wa kukopesha kitanda. Na muungano huu ulizaliwa juu mutu mumoja peke yake hakuweza kulipa hospitali.

Tuseme sasa lenye kuuma, na tuliseme mbele ya wafadhili pia. Lile neno la tano katika masolo yetu, la bamanseba, tumelisikia katika midomo ya watu waliorudi. Vijana hawa wengine wamefika nyuma ya vita ya Kamuina Nsapu ya mwaka 2016 na 2017. Wengine wamefuata kazi tu, kama vile wazazi wenu walivyoifuata. Katika Tshiluba manseba ni mjomba, ndugu wa mama, mutu wa kuheshimiwa. Hapa Lubumbashi limekuwa jina la kumucheka mwenye moto. Kuna wenye waliitwa bilulu mwaka 1992, na leo wanasema «bale bamanseba» kwa sauti ileile. Na kuna wengine kati yetu wenye wanasema kila Mukatanga ni wa 1992, wakati katika muungano huu wenyewe kuna mutu aliyefichwa siku tatu katika nyumba ya jirani Mukatanga, na anamushukuru mupaka leo. Barabara ya kando haiko na kabila. Mutu yeyote anaweza kuipita.

Mutatuuliza: lakini watu wakizidi, si bei inapanda? Tusidanganyane. Watu wakizidi, nyumba za kupanga zinapanda bei, na kazi ya moto inagawanyika. Hiyo ni kweli, na inafaa kusemwa. Lakini unga ni kitu kingine. Bukari yetu inategemea sana mahindi na unga wa Zambia, unaopita Kasumbalesa. Kwa hiyo bei ya meka inafuata mambo matatu makubwa: mvua ya kule, amri ya Lusaka ya kuacha mahindi itoke au kuizuia, na nguvu ya franka yetu mbele ya dola. Mwanzo wa mwaka 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Inchi yenye ilikuwa inatulisha ikaanza kutafuta chakula chake yenyewe. Franka nayo, mwanzo wa 2016 dola moja ilikuwa karibu franka 920; mwisho wa 2017 ilikuwa karibu 1,600. Mushahara wa mwalimu, unaolipwa kwa franka, ulikatwa karibu nusu bila mutu kuugusa. Manseba gani alifanya hiyo?

Na kazi? Kazi yetu inafuata bei ya vitu vyenye hatuvipangii bei. Mwaka 2008, mwezi wa 7, tani ya shaba ilikaribia dola 9,000. Mwezi wa 12 ilikuwa chini ya dola 3,000, na kampuni zilifunga mulango katika Katanga yote. Mwezi wa 2 mwaka 2025 Serikali ilisimamisha kuuzisha kobalti inje, juu bei ilikuwa imeanguka sana, na mwezi wa 10 ikaweka kipimo kwa kila kampuni. Muamuzi huo unaweza kuwa muzuri au mubaya. Hilo ni neno la kujadiliana, na tunataka mujadiliane. Lakini ni masolo ya kupanda juu.

Basi, masolo ipande wapi? Tutataja mahali pawili, ili musiseme tumewapa maneno ya hewani.

Pa kwanza ni feza ya migodi. Kodi ya migodi ya mwaka 2018 inasema redevansi ya madini inagawanywa hivi: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini au eneo lenye mugodi, na 10 kwa mufuko wa vizazi vya kesho. Katuba haina mugodi. Ile 15 haitugusi. Lakini ile 25 ya jimbo ni yetu pia, juu sisi ni watu wa Haut-Katanga. Wabunge wa jimbo tuliwachagua. Kuwauliza ile 25 ilifanya nini mwaka huu, barabara gani, shule gani, si matusi. Ni haki.

Pa pili ni Katiba. Kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa inabakia katika majimbo, inachukuliwa palepale inapotoka. Tangu mwaka 2006 neno hilo halijafuatwa vile limeandikwa. Mukate huu ni mukubwa kuliko kazi zote za moto za Lubumbashi zikiwekwa pamoja. Mutu akigombana na jirani juu ya kipande kidogo, na mukate mukubwa unapita nyuma ya mugongo wake, nani anacheka?

Ndiyo maana hatupendi sheria ya kimya. Mukikataza siasa hapa, watu hawataacha kuisema. Wataisema kwenye nganda, usiku, pamoja na pombe, na mwenye sauti kubwa ndiye atashinda. Hapa angalau kuna mwenyekiti, kuna wamama wenye kujua kuhesabu, na kuna watu wenye wanakumbuka. Mwaka 1992 hapakukosekana masolo. Palikosekana mahali pa kuuliza swali.

Tunawaletea mapendekezo matatu, muyapigie kura leo.

La kwanza: mufuko mbele, masolo nyuma. Michango yote ikusanywe, ihesabiwe, iandikwe na ifungwe mbele ya mutu yeyote kuanza siasa. Hivi hakuna mutu ataondoka na muchango wake juu ya hasira. Na mambo ya ugonjwa na matanga yaamuliwe mbele pia, bila kuangalia mutu iko wa chama gani au wa kabila gani.

La pili: swali moja la lazima. Mutu akitaja mutu au kundi kuwa sababu ya taabu, mwenyekiti amuulize: «Huyu akienda kesho, unga itashuka?» Kama jibu ni ndiyo, aeleze namna gani, tutamusikiliza. Kama hawezi kueleza, neno lake halifuatwe, na tuendelee. Swali hili ni kwa wote: kwa mwenye kutaja Mukasai, kwa mwenye kutaja Mukatanga, kwa mwenye kutaja Muchina, na kwa mwenye kutaja Mulebano wa duka. Hata kwa mwenye kutaja waziri. Waziri mumoja akienda, kama hesabu zinabakia zimefichwa, mwingine atakula vilevile.

La tatu: kila miezi mitatu, masolo izae barua moja. Barua moja tu, fupi, yenye swali moja, kwa burgumestre au kwa mbunge wetu wa jimbo, yenye majina ya wanamemba wanaotaka kutia sahihi. Hatuahidi kwamba watajibu. Lakini muungano wenye kuandika barua ine kwa mwaka umejifunza kupanda juu, na jirani anapumzika.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi. Munatusaidia na feza ya mufuko wa ugonjwa na ya mitaji midogo ya wamama, na tunashukuru. Musiogope mukisikia kwamba watu wenu wanagombana juu ya siasa. Muogope siku watakaponyamaza wote na kuangalia mulango wa jirani. Mukitaka kusaidia kitu kimoja zaidi, mulipie photocopy ya Katiba na ya Kodi ya migodi katika Swahili yenye watu wanaelewa. Mutu mwenye karatasi mukononi hatafuti fimbo.

Na kwa vijana wa moto wenye wamesimama pale mulangoni, wenye hawajajua kama wanaweza kuingia: muchango wa mwanamemba mupya umeandikwa kwenye ubao. Ingieni, kaeni, bajomba.

Mwenyekiti, mufuko ufunguliwe, tuhesabu kwanza.